Kuteleza si Kuanguka: Jinsi ya Kuwahakiki Watendaji wa Dansi ya Barafuni

0. Utangulizi

Katika Kiswahili, kitenzi kuteleza hakina sifa njema. Ulimi ukiteleza, mtu amekwisha kusema lisilostahili kusemwa. Mguu ukiteleza, mtu yu karibu na kuanguka. Na yule asemwaye kwamba ameteleza katika mwenendo wake, amekwisha kuhukumiwa nusu. Iko hata hivyo sanaa moja ya nchi za baridi ambayo imelichukua kosa hilo ikaligeuza kuwa ufundi: ni dansi ya kuteleza juu ya barafu kwa kufuata muziki, ambayo huonyeshwa katika kumbi kubwa mbele ya maelfu ya watu, mara kwa ajili ya shindano, mara kwa ajili ya burudani tupu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi mtazamaji aliyeketi ukumbini anavyoweza kuwapima watendaji wa sanaa hiyo. Mifano mitatu itaangaliwa, yote ikiwa imetokana na Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi: Sarajevo mwaka 1984, Calgary mwaka 1988, na Nagano mwaka 1998. Istilahi zitakazotumika ni zile ambazo wanafunzi wa fasihi simulizi wamezizoea, yaani fanani, hadhira, fani, maudhui na utendaji. Swali linaloyaongoza makala ni hili: alama zinapotolewa, ni kitu gani hasa kilichopimwa, na ni nani aliyepewa haki ya kukipima?

1. Fanani na chombo chake

Kabla ya kumsifu au kumlaumu fanani, yapasa kujua kwanza anafanya kazi na chombo gani. Chini ya kila kiatu cha mtelezaji pamefungwa chuma chembamba, ambacho unene wake wapata milimita nne hivi. Upande wa chini wa chuma hicho umenolewa kwa namna ya mfereji mdogo unaokwenda urefu wote, hata zikapatikana kingo mbili, ule wa ndani na ule wa nje. Mtelezaji mwema hasimami juu ya kingo zote mbili kwa pamoja. Hujiinamisha upande mmoja, na kuinama huko ndiko kunakomchukua katika mstari wa mviringo. Mbele ya chuma kuna meno madogo, nayo humsaidia kujirusha hewani.

Miruko mikuu inayohesabiwa ni sita, na mitatu kati yake imepewa majina ya watelezaji wa zamani: Salchow wa Sweden, Lutz wa Austria na Axel Paulsen wa Norwei. Mruko wa Axel hutambulikana kwa urahisi kuliko mingine yote, maana ndio pekee ambao mtendaji huuanza akiwa ameelekeza uso mbele. Kwa sababu hiyo huongezewa nusu mzunguko. Mtazamaji mgeni aweza kuanzia hapo: akimwona mtelezaji anaruka huku akitazama aendako, basi huo ni Axel.

Jambo la pili ambalo yafaa kulitaja ni tofauti iliyopo kati ya kutazama ukumbini na kutazama katika televisheni. Kamera humfuata mtendaji popote aendapo. Kwa hiyo humweka katikati ya kioo daima, na kasi yake hupotea. Aliyeketi ukumbini huuona uwanja wote, ambao katika Olimpiki una urefu wa mita 60 na upana wa mita 30, na hutambua mara moja ni nani aujazaye na ni nani azungukaye katikati kama mbuzi aliyefungwa kambani. Tena husikia. Chuma kilichokaa vema juu ya ukingo wake hukata barafu kwa sauti nzito isiyokatika. Chuma kinachosukumwa kwa wasiwasi hukwaruza. Kwa hiyo sikio nalo ni mhakiki, na ushahidi wake haupatikani kwa urahisi kwa yule aliyebaki nyumbani.

2. Shindano na onyesho

Utendaji wa barafuni una sura mbili, na wahakiki wengi hukosea kwa sababu ya kuzichanganya. Ya kwanza ni shindano, ambamo mtendaji hufungwa na kanuni, muda na alama. Ya pili ni onyesho la burudani, ambamo hakuna mwamuzi ila hadhira yenyewe. Maonyesho ya namna hii yana historia ndefu. Kundi la Holiday on Ice lilianzishwa Toledo, katika jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1943, na baada ya hapo likazunguka katika nchi nyingi. Mwingereza John Curry, aliyepata nishani ya dhahabu mjini Innsbruck mwaka 1976, aliyaacha mashindano akaunda kundi lake mwenyewe, akamwomba mtunzi wa dansi Twyla Tharp amtungie kazi, na mwaka 1984 kundi hilo likatumbuiza katika jumba la Metropolitan Opera, New York. Nia ya Curry ilikuwa wazi: kuitoa sanaa hii katika mikono ya wahesabu alama na kuiweka mahali pale pale palipokaliwa na ngoma za jukwaani za heshima.

Tofauti hiyo ina matokeo kwa uhakiki. Katika onyesho la burudani taa huzimwa, mwanga wa rangi humfuata fanani mmoja, na miruko hupunguzwa. Kumlaumu mtendaji wa hapo kwamba hakuruka mara tatu angani ni sawa na kumlaumu mtambaji wa hadithi kwamba hakuimba utenzi. Kwa upande mwingine, katika shindano fanani hana budi kutimiza masharti, na umahiri wake huonekana katika kuyatimiza bila ya hadhira kuyaona masharti yenyewe.

3. Sarajevo 1984: fani iliyomeza kanuni

Mfano bora wa umahiri huo ni wa Jayne Torvill na Christopher Dean, Waingereza wa kutoka Nottingham, ambao hapo awali mmoja alikuwa karani wa bima na mwingine askari polisi. Tarehe 14 Februari 1984, katika ukumbi wa Zetra, walicheza dansi yao kwa muziki wa Boléro, uliotungwa na Maurice Ravel mwaka 1928.

Muziki huo una sifa ambayo msikilizaji wa Kiafrika hawezi kuikosa: mdundo mmoja wa ngoma ndogo unarudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, na juu yake wimbo ule ule unarudiwa na vyombo vinavyozidi kuongezeka, hata ukumbi ukajaa sauti. Hakuna mabadiliko ya mwendo. Katika dansi ya barafuni ya siku zile ilikuwa desturi kuunganisha vipande vitatu au vinne vya muziki wenye mwendo tofauti; kuchagua mdundo mmoja tu ilikuwa kujinyima njia rahisi ya kuishangaza hadhira.

Kanuni iliruhusu dakika nne na sekunde kumi. Muziki ulipofupishwa kadiri ilivyowezekana ulibaki na dakika nne na sekunde 28. Kanuni hiyo hiyo, lakini, ilisema kwamba saa huanza kuhesabu pindi chuma cha mtelezaji kinapoanza kuteleza. Basi wakaanza wakiwa wamepiga magoti, wakiyumba pamoja kwa kiwiliwili tu, bila ya vyuma vyao kugusa barafu, kwa muda wa sekunde 18. Hapo ndipo penye somo kwa mwanafunzi wa fani. Kipengele kilichozaliwa na shida ya saa kikawa mwanzo wa kisa chenyewe, kisa cha wapendanao wawili wanaokiendea kifo chao mlimani penye moto. Na mwishoni wote wawili wakaanguka chini barafuni, kama waliojitupa shimoni. Hadhira haikuiona kanuni. Iliona upendo unaoamka pole pole.

Waamuzi tisa walitoa alama sita kamili, iliyokuwa alama ya juu kabisa wakati ule, mara kumi na mbili: tisa kwa upande wa usanii na tatu kwa upande wa ufundi. Yafaa kuzingatia kwamba makubaliano kamili yalipatikana kwenye usanii, ambako kwa kawaida watu hubishana zaidi. Sababu yake haiko mbali. Fani na maudhui zilipokwisha kushikamana kiasi hicho, hapakubaki mwanya wa kuingiza mapendeleo. Wawili hao waliendelea kutumbuiza katika maonyesho kwa miaka mingi, na ziara yao ya kuaga ilifanyika mwaka 2025.

4. Calgary 1988: Carmen wawili

Miaka minne baadaye, mjini Calgary nchini Kanada, lilitokea jambo ambalo mwalimu wa fasihi linganishi angeweza kulitamani. Wanawake wawili waliokuwa wakiwania dhahabu, Katarina Witt wa Ujerumani ya Mashariki na Debi Thomas wa Marekani, walichagua muziki wa opera ile ile, Carmen ya Georges Bizet. Matini moja, fanani wawili: kwa hiyo tofauti zote zilizoonekana zilikuwa za utendaji.

Witt alimcheza Carmen kama mhusika. Aliipa miruko nafasi ndogo, akatumia macho, mabega na mikono, akasimama kwa kitambo katikati ya dansi akiitazama hadhira, na mwishoni akafa barafuni kama Carmen anavyokufa katika opera. Thomas alikusudia kumcheza Carmen asiyekufa, mwenye nguvu, ambaye ushindi wake ungekuwa katika ugumu wa miruko. Aliingia usiku ule akiwa mbele ya Witt kwa hesabu ya sehemu mbili zilizotangulia. Lakini miruko yake ya kwanza, iliyopasa kufuatana miwili mfululizo, haikutua sawasawa, na tangu hapo mhusika akatoweka. Alibaki mwanafunzi hodari anayekamilisha mtihani ambao moyoni amekwisha kuuacha.

Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka bali ni kwenda mbele. Kosa la Thomas, likitazamwa kihakiki, halikuwa lile la mguu. Watelezaji wengi wamekosea mruko wa kwanza na bado kisa kikasimama. Kosa lilikuwa kwamba maudhui ya Carmen wake yalitegemea ushindi wa miruko. Mruko ulipokosekana, hapakuwa na kitu kingine cha kukishikilia kisa. Witt, kwa upande wake, alikuwa ameweka uzito wa kazi yake mahali ambapo kuteleza kidogo kusingeudhuru. Hiyo ni busara ya utunzi, ingawa wapo waliosema kwamba ilikuwa pia njia ya kukwepa ugumu, na hoja yao haikosi nguvu.

Usiku ule, hata hivyo, aliyecheza vizuri kuliko wote katika sehemu ile ya mwisho hakuwa mmoja wa wale wawili. Elizabeth Manley, mwenyeji wa Kanada, aliishinda sehemu hiyo na kupata nishani ya fedha, huku ukumbi mzima ukimshangilia. Mcheza kwao hutunzwa. Witt alichukua dhahabu kwa jumla ya sehemu zote, na Thomas shaba, akawa mtu mweusi wa kwanza kupata nishani katika Olimpiki ya majira ya baridi.

5. Nagano 1998: pindu la Surya Bonaly

Mfano wa tatu ndio mgumu. Surya Bonaly alizaliwa Nice, Ufaransa, mwaka 1973. Alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano mfululizo, tangu mwaka 1991 hadi 1995, na mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995, alikuwa wa pili duniani. Mwaka 1994, huko Japani, waamuzi watano walimpendelea Yuka Sato wa Japani na wanne walimpendelea yeye. Bonaly alikataa kupanda jukwaa la washindi, na alipovishwa nishani yake akaivua. Mwaka 1996 alikatika mshipa mkubwa wa nyuma ya kisigino, jeraha ambalo kwa mrukaji ni kama kukatika kwa waya kwa mpiga gitaa.

Nagano alikuwa wa sita baada ya sehemu ya kwanza. Katika sehemu ya pili, akiwa ameshakosea na nishani imekwisha kumponyoka, alipiga pindu la nyuma, akatua kwa mguu mmoja. Pindu hilo lilikuwa limepigwa marufuku katika mashindano tangu Mmarekani Terry Kubicka alipolifanya mjini Innsbruck mwaka 1976. Hadhira ilipiga kelele. Bonaly alimaliza akiwa amewapa waamuzi mgongo na kuielekea hadhira. Alishika nafasi ya kumi, akayaacha mashindano, na kwa miaka mingi akawa nyota wa ziara za Champions on Ice nchini Marekani, ambako pindu lile lile lilikuwa ndilo watu walilolilipia kiingilio.

Mhakiki atasema nini? Ziko hoja mbili ambazo zimerudiwa mara nyingi. Ya kwanza husema kwamba Bonaly alikuwa mwanasarakasi aliyevaa viatu vya barafu. Kwamba kati ya mruko na mruko mlikuwa na utupu. Kwamba mstari wa mwili wake na ukingo wa chuma chake havikuwa na ulaini. Hoja ya pili hujibu kwamba neno usanii lilitumiwa kumfungia mlango mtu ambaye mwili wake, rangi yake na nguvu zake havikulingana na sura ya binti wa barafuni waliyoizoea waamuzi.

Uadilifu wadai kukubali kwamba hoja ya kwanza ina ukweli ndani yake. Anayezitazama dansi za Bonaly kwa kufuata miguu na si miruko, ataona kwamba mara nyingi alijiandaa kwa muda mrefu kabla ya kuruka, na kwamba muziki ulikuwa ukiendelea pembeni yake badala ya kupita ndani yake. Lakini uadilifu huo huo wadai kuuliza kwa nini upungufu wa aina hiyo ulisamehewa kwa wengine ulipoambatana na sura iliyopendeza, na kwa nini nguvu, ambayo kwa wanaume ilisifiwa kuwa ushujaa, kwake ilihesabiwa kuwa ukosefu wa haiba. Pindu la Nagano laweza kusomwa kama jibu la swali hilo. Kwa fani, lilikuwa tendo kamili: waliokuwa wakilipinga kwa kusema kwamba mruko halali hutua kwa mguu mmoja, walionyeshwa mguu mmoja. Kwa maudhui, lilikuwa usemi wa fanani aliyeamua kubadilisha hadhira yake katikati ya utendaji, akawaacha tisa waliokuwa na kalamu na kuwageukia maelfu waliokuwa na mikono. Katika dansi nzima ya usiku ule, hapo ndipo mahali pekee ambapo tendo na maana yake vilikutana. Kwa hiyo kumwita mwanasarakasi kwa ajili ya pindu lile ni kuusoma vibaya utendaji wake. Kama ni lawama, iwe kwa ajili ya dakika zilizolitangulia.

6. Nani ahukumu?

Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Methali hii ilipata ushahidi wake mjini Salt Lake City mwaka 2002, ambapo, katika shindano la wawili wawili, hukumu ya mwamuzi mmoja ilizua kashfa kubwa, hata ikabidi nishani ya dhahabu ya pili itolewe kwa Wakanada pembeni ya Warusi. Matokeo yake yalikuwa kuondolewa kwa alama ya sita, na tangu mwaka 2004 kila tendo likapewa thamani yake ya tarakimu. Mwaka 2022 vipengele vya usanii vilivyokuwa vitano vilipunguzwa vikawa vitatu: utunzi, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza.

Mabadiliko hayo yameleta uwazi, na hilo ni jema. Lakini yameleta pia jambo la kusikitisha: watelezaji wengi hutunga dansi zao kama mfanyabiashara anavyojaza daftari, wakitafuta kila tendo lenye bei, na kumwacha mhusika bila pumzi. Dansi ya Torvill na Dean, yenye mdundo mmoja na mwanzo wa magoti, isingepata faida ya dhahiri katika hesabu ya namna hii.

Kuhusu pindu, historia imetoa hukumu yake. Januari 2024 Mfaransa Adam Siao Him Fa alilifanya katika shindano la Ulaya, akakatwa alama mbili, na bado akatwaa ubingwa. Mwaka huo huo shirikisho la kimataifa liliondoa marufuku. Tendo lililokuwa kosa likawa halali, bila ya tendo lenyewe kubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kanuni, na kanuni hutungwa na watu.

7. Tamati

Kutokana na mifano iliyochunguzwa, yaweza kupendekezwa kwamba anayehudhuria dansi ya barafuni, akitaka kuhakiki kwa haki, ajiulize mambo manne. La kwanza: je, hili ni shindano au ni onyesho, na fanani amejiwekea masharti gani? La pili: kati ya mruko na mruko mna nini? La tatu: fanani akikosea, je, kisa chabaki au chaanguka pamoja naye? La nne, ambalo ndilo zito kuliko yote: neno usanii linapotajwa, je, msemaji aweza kuonyesha kwa kidole mahali usanii huo ulipo au ulipokosekana?

Swali hilo la nne halihusu barafu peke yake. Katika uhakiki wa ushairi, wa tamthilia na wa nyimbo, maneno kama mvuto, haiba na ladha hutumiwa kila siku kufunga mjadala ambao ulikuwa haujaanza. Mwaka 1994 waamuzi watano walisema hivi, wanne wakasema vile, na kila mmoja wao aliandika tarakimu bila ya kutakiwa kueleza sababu yake. Mhakiki wa chuo kikuu hana ruhusa hiyo. Yeye alama yake ni hoja, na hoja isiyoonyesha tendo lililoizaa haina mahali pa kusimama.